Kitabu cha Sita

Kimefika na lori la Jumanne, kimechelewa siku tisa
kwa ajili ya upepo ulioizuia feri,
na kufikia saa nne asubuhi saluni yangu
ilikuwa imegawanyika kama nywele mbele ya chanuo.

Upande wa dirishani, watu wa Bastián,
yule mvulana apandaye ngazi usiku
kumtazama Aurelia akiwa amelala.
Upande wa sinki, watu wa Tomé,
mpole, mtoto wa mwoka mikate,
ambaye vitabu vitano vizima
hajathubutu kumshika mkono.

Yovanka, miaka kumi na mitano,
foili kichwani kama samaki wa kuokwa,
akasema: "Bastián anampenda mpaka anaugua."
Mama yake akashusha gazeti.
"Mtu akisimama dirishani pako usiku wa manane, mwanangu,
hayo si mahaba. Hiyo ni kesi."
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Mwalimu Ibarra wa sekondari
alikuja kupunguza ncha tu.
Akasema vitabu hivi ni maji ya sukari,
sentensi zote zimevaa sare,
kila chozi ni lulu, kila moyo umepasuka.
Lakini alijua, bila kuulizwa,
ni wapi Aurelia anachoma barua.
"Ukurasa wa mia mbili na nne," akasema,
kisha akajitia kutafuta miwani.

Na Bi Edelmira, mjane, themanini na moja,
chini ya mashine ya kukaushia, akipaza sauti kama kiziwi:
"Marehemu Zenón aliniambia neno tamu mara moja tu,
mwaka ule wa theluji kubwa,
na nadhani alikuwa anasema na farasi.
Niacheni na kijana wangu wa ngazi!"

Kila mwamba ngoma huvutia kwake.
Mimi nilinyamaza.
Mshika mkasi hulipwa na pande zote.

Ila niseme hapa, pasipo mteja:
niliwahi kupendwa hivyo anavyopenda Bastián.
Alijua saa yangu ya kufunga kazi.
Alihesabu dakika za njia ya kwenda nyumbani
na kunidai zilizozidi.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa;
hesabu ile nikaiita mapenzi,
maana hakuna aliyenipa jina jingine.
Kutoka kulinichukua miaka minne,
begi moja, na dada mwenye gari.

Nilitaka kumwambia Yovanka.
Nikamwosha rangi, maji yakatoka mekundu kama juisi ya plamu,
shingo yake nyembamba kiganjani mwangu,
na nilichoweza kuuliza ni:
"Wewe ungemfungulia?"
Akafumbua jicho moja.
"Nani, Bastián? Hapa Punta Arenas?
Ngazi yake ingekwenda kutua Ajentina.
Kitabuni, ndiyo. Kitabuni namfungulia,
maana nikichoka naye, nafunga."

Nilibaki nimeshika taulo.

Sijui kama hilo linatosha.
Mama yake anasema halitoshi, na siku nyingine
naungana naye, hasa nikifunga mlango jioni
na kuangalia barabara pande zote mbili, hadi leo.

Usiku huo nilibeba nakala ya saluni,
jalada lina alama ya kidole cha mtu, rangi ya shaba.
Nikasoma hadi saa nane.
Nikamtukana Bastián kwa sauti, paka akahama chumba.
Na pale mia mbili na nne, Mungu anisamehe, nililia,
si lulu: makamasi, kama mwenye mafua.

Asubuhi upepo ulikuwa umepanda.
Manispaa wamefunga kamba kwenye pembe za mitaa,
wapita njia washike wasipeperushwe.
Nikawaona kupitia kioo, Yovanka na mama yake,
kitabu kimetunisha koti la mmoja wao
(sikuweza kujua la nani),
wanabishana, vinywa wazi,
maneno yote yanachukuliwa baharini,
mikono minne juu ya kamba moja.